Kikombe cha Kuonjea

Nimekaribishwa maji kwa lugha nyingi, lakini ni nyumba moja tu nilikopewa kikombe huku mwenyeji akinitazama mdomoni kama anayesubiri majibu ya mtihani.

Mtaani wanamwita Bwana Dawa. Kazi yake ni kutia klorini kwenye tangi la maji la mtaa kila asubuhi. Alikuwa amefiwa na mke, watoto wako mbali, na mimi nilipanga chumba chake cha uani kwa juma moja. Sebuleni mlikuwa na viti sita. Vitano vilikuwa na vumbi.

Nilikunywa. Machozi yakanitoka.

"Imezidi," nikasema.

Akaketi taratibu. "Hebu sema tena."

"Dawa imezidi, mzee. Inawasha koo."

"Neno hilo sijalisikia tangu tumzike mke wangu," akasema, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Miaka ya kushika klorini ilikuwa imemuua pua. Hasikii harufu yake tena, wala ladha. Vidonge vya kupimia kiwango cha dawa viliisha zamani, na ofisi ya maji humwambia avute subira. Kisima kinachojaza tangi nacho kina vituko vyake, maji yake hupanda na kushuka, hivyo kipimo cha jana hakifai leo. Mkewe ndiye aliyekuwa ulimi wake. Kila asubuhi alionja kikombe kimoja, akasema imezidi, au imepungua. Akinyamaza, mambo sawa.

Alipokufa, Bwana Dawa alibaki akikisia, na kwa kuogopa watu wasiugue, alikisia juu. Watu wakaanza kulikwepa tangi. Wakarudi mtoni, na mtoni ndiko kuliko na maradhi.

"Nikipunguza ovyo, nitawaua," aliniambia. "Nikizidisha, wanakimbilia mtoni, nako kunawaua. Kote huko ni mimi."

"Si uwaombe majirani wakuonjee?"

"Niwaambieje? Kwamba mtu wa dawa hasikii dawa?"

Basi juma lile nilionja mimi. Alipunguza kidogo kidogo, kwa woga, kama anayeshuka ngazi gizani. Jioni alinisimulia habari za mkewe: alivyokunja pua, alivyomtania kwamba amemwoa awe mbwa wa kunusa. Nje, bomba la uani liliendelea kudondosha maji.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amesimama kando ya njia, penye tangi mbele ya nyumba, kikombe mkononi. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo kwenda mtoni. Mmoja wao, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alikuwa shoga wa marehemu mkewe.

"Shemeji, siku hizi unauza chai?"

"Naomba unionjee maji."

"Hayo ya kufulia? Meno yenyewe nimebakiwa nayo machache."

Wenzake wakacheka. Bwana Dawa hakucheka.

"Pua yangu imekufa," akasema, kwa sauti iliyowafikia wote. "Imekufa siku nyingi. Aliyekuwa akinionjea ni dada yako."

Kicheko kikakatika. Fundi akatua ndoo, akapokea kikombe, akayazungusha maji mdomoni, akameza.

"Bado imezidi," akasema. "Ila afadhali."

"Kesho utapita?"

"Njia si ndiyo hii, shemeji? Nitapita."

Akajitwika ndoo yake tupu, akawafuata wenzake. Wote walielekea kule kule mtoni. Bwana Dawa aliwasindikiza kwa macho hadi wakapotea konani.

Nikamuaga. Aliitikia bila kugeuka, maana alishaanza kukifuta kikombe kwa upindo wa shati. Alipomaliza alikiweka juu ya ukuta wa tangi, upande wa njiani, akakifunika kwa kisahani vumbi lisiingie. Kisha akaingia ndani peke yake kuingoja kesho.