Siku Niliyoshinda Nikavuliwa Jezi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, siku niliyobebwa juu na kufukuzwa kwa pigo lile lile.

Ilikuwa Guangzhou, miaka ile mji ukiota maghorofa kama uyoga. Wenzetu wengi walifuata nguo za jumla soko la Shisanhang. Mimi nilifuata elimu, na stashahada yangu ya ukocha ipo sebuleni, muhuri mwekundu, anayebisha aje aisome. Huko chuoni ndiko nilikojifunza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Nilikuwa Mwafrika pekee kikosini, na hakuna aliyepiga mpira mbali kama mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Kocha wetu, mzee Lin, tulimwita laoshi, yaani mwalimu. Alicheza mpaka magoti yakakataa, ndipo akaanza kufundisha. Hakuwa mtu wa kelele. Akigusa ukingo wa kofia, mpigaji ajue ni kuutegea mpira gongo tu, udondoke karibu. Yeye atatolewa, lakini mwenzake aliye mbele atasogea kituo kimoja.

Mechi ya mwisho ya msimu tulikuwa sare. Rafiki yangu Chen alikuwa kituo cha pili. Zamu yangu ikafika. Mzee akagusa kofia.

Nitolewe mimi? Mtu niliyetoka Singida na begi moja? Nikazungusha gongo kwa nguvu zote. Mpira ukavuka uzio. Tukashinda, wenzangu wakanibeba.

Mzee Lin akaja taratibu.

"Vua jezi."

"Laoshi, tumeshinda!"

"Nimeona. Vua."

Msuya, mwanafunzi mwenzangu aliyekuja kutazama, akashika kichwa. "Kaka, umeshinda umefukuzwa? Hii hata kwetu Moshi hatujaiona!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mbona langu lilizunguka vituo vyote bila hata kuteguka? Wiki nzima sikuelewa. Nikamwuliza Chen.

"Nilipoona kofia, nilianza kukimbia," akasema. "Sikukutazama. Mpira ungedakwa, ningepaswa kurudi kituoni, na nisingewahi."

"Lakini haukudakwa."

"Haukudakwa," akakubali. "Ila siku nyingine nikiwa mbele yako, nitageuka nyuma kwanza."



Nilirudishiwa jezi msimu uliofuata. Nikacheza, nikarudi nyumbani, nikawa kocha, leo ni meneja wa timu, mwenye mvi. Mwaka juzi mchezaji wangu mmoja kijana alifanya vile vile, tukashinda, nami nikamvua jezi. Nikaondoka uwanjani nisijue nimemfundisha au nimemwonea. Hadi leo sijui, pamoja na stashahada yangu.

Ninalolijua ni hili, mwanangu: ishara ikishatolewa, kuna mwenzako ameanza kukimbia bila kukutazama. Kabla hujainua gongo kwa ajili ya sifa zako, mkumbuke huyo. Ushindi utasahaulika, aliyejifunza kugeuka nyuma kwa sababu yako hasahau.

Mungu akupe mkono wenye nguvu, na akupe wenzako wasio na haja ya kugeuka.