Icyansi cha Nyirabahire

Muniache niseme, maana nikinyamaza nitapasuka. Dada yangu mukubwa Nyirabahire si mutu wa makelele. Tulikimbia pamoja kutoka milima ya Uvira mwaka wa 2004. Batu walibeba magodoro na sufuria. Yeye alibeba mtoto wake Eliane mgongoni na icyansi mkononi, chombo cha maziwa ambacho baba yetu Semahoro alimchongea mu mti alipoolewa. Hapa Juru, mu kambi ya wakimbizi, alilima maharage ya batu miaka mingi mpaka akapata ng'ombe mmoja. Kila asubuhi alikifukiza kile chombo kwa moshi wa majani, akakamulia humo, na maziwa yakanukia kama ya kwetu.

Mwaka wa 2023 akaja Madamu Goretti wa nyumba ya makumbusho, Mbarara. Eti anatayarisha maonyesho ya vitu vya wakimbizi, anaomba icyansi kwa miezi miwili tu. Dada akampa, tena na maziwa ndani, kwa sababu kwetu chombo hicho hakitoki mu nyumba kikiwa kitupu. Miezi miwili ikawa minane! Katikati hapo Eliane akachumbiwa. Na siku ya ndoa, mama ndiye anamnywesha binti maziwa mu icyansi cha nyumbani, mara ya mwisho, kabla hajatoka. Bila hivyo ni kama ametoroka.

Siku tatu mbele ya ndoa tukaenda Mbarara, sisi wawili na Eliane. Dada alibeba kidumu cha maziwa, ili chombo kirudi na kitu ndani. Tukakikuta nyuma ya kioo, kinang'aa kama kiatu cha polisi. Eliane akatusomea karatasi iliyobandikwa: "Chombo cha Kongo. Mchongaji hajulikani." Hajulikani! Na watoto wake wawili tumesimama pale! Nani alituuliza?

Goretti akafungua kioo, anacheka kwa furaha. "Mama, angalia vile tumetunza. Tulisugua masizi yote, tukapaka vanishi mara tatu, ndani na inje. Wadudu haiwezi kula tena."

Ndani! Jamani, ndani! Angekuwa mzungu ningenyamaza. Huyu kwao ni Bwizibwera, fasi ya maziwa, na bibi yake alifukiza vyombo kama hivi mpaka akazeeka. Shule gani hiyo inamsahaulisha mutu bibi yake?

Dada hakumtukana. Mimi ndiye nilimtukana, na sijutii. Yeye alichukua icyansi, akamimina maziwa, akampa Goretti kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

"Kunywa, binti yangu."

Goretti akanusa, akageuza uso. "Mama, hiyo hapana kunywa. Vanishi ni sumu."

"Basi Jumamosi nitamnywesha mtoto wangu nini?"

Goretti akakimbilia kalamu, eti ataandika jina la Semahoro, tena kwa herufi kubwa. Ashindwe na kalamu yake!

Nikamwambia dada tununue kikombe kizuri sokoni. Akakataa. Jumamosi, mbele ya kanisa lote, alikunja viganja vyake, nikamimina, naye akamnywesha Eliane humo. Maziwa mingi yalipita katikati ya vidole, yakachuruzika juu ya nguo nyeupe ya ndoa, na hakuna aliyethubutu kuyafuta.