Profesa Aliyeaga Kila Jioni

Duka letu liko Al Ras, hapa Dubai, la zafarani, pistachio na zabibu kavu, na mwenyewe, arbab wangu, yaani bosi, ni Muirani. Mimi ni mtu wa Mombasa, na mwaka huo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: binti yangu anaolewa nyumbani, na arbab alikuwa ameniahidi likizo. Ndipo akaja kaka yake mkubwa.

Huyo kaka alikuwa mtu mzito. Alisomesha siasa chuo kikuu huko kwao, akawa mkuu wa kitivo, kisha akaingia bungeni upande wa wahafidhina na kukaa humo mpaka wapiga kura walipomchoka. Akaja Dubai kupumzika siku chache. Akapumzikia kwenye kiti changu.

Subhanallah, mtu yule alikuwa na maneno! Mteja akitaka kilo ya pistachio, anahutubiwa kwanza juu ya israfu, familia na maadili ya vijana. Mama mmoja wa Nairobi alimnyooshea mkono amsalimu. Profesa akaweka wake kifuani, akainama, akaanza kueleza mswada aliowahi kuupeleka bungeni. Yule mama akaniuliza, "Huyu anauza ama anaomba kura?" Akaenda duka la pili. Nikatabasamu huku damu inanichemka.

Arbab aliniambia wazi: "Dada, kaka yangu akiwa hapa siwezi kukuachia. Nani atawauzia watu akianza kuhutubu?"

"Si umwambie aende!"

Ebo! Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. Kwao mgeni, tena kaka mkubwa, haambiwi hivyo. Kila jioni profesa alisimama na kusema, "Nimewasumbua sana, kesho naondoka." Na kila jioni arbab aliweka mkono kifuani: "Haiwezekani! Nyumba ni yako, duka ni lako!" Profesa anakaa tena. Arbab anakuja nyuma ya magunia kunililia mimi. Nasi Waswahili tuna adabu zetu za "kaa, bado mapema", lakini kwetu mgeni huondoka!

Harusi ikabaki wiki moja. Jioni profesa akasimama: "Nimewasumbua sana..." Kabla arbab hajafumbua mdomo, nikadakia, "Haya Profesa, safari njema. Nikuitie teksi?"

Arbab akageuka rangi, kisha akafoka kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Umenivunjia heshima! Toka! Nisikuone hapa mwezi mzima!" Na huku ananikonyeza. Mwezi mzima! Nilitamani kupiga vigelegele.

"La, la," profesa akasema. "Msamehe kwa ajili yangu. Abaki kazini."

Ewe Mola! Arbab akaduwaa, maana neno la kaka mkubwa halirudishwi. Nikamwona binti yangu anavalishwa na watu wengine. Nikaweka mkono kifuani kama wao, nikainama: "Haiwezekani, Profesa. Nimekosa. Lazima niadhibiwe." Machozi yalikuwa ya kweli.



"Kule bungeni kila mtu aliniambia nibaki," Profesa akasema polepole. "Nikawaamini." Akachukua koti lake. "Haya, niitie hiyo teksi. Na hiyo harusi mnayoizungumzia nyuma ya magunia ni lini?"