Bahasha ya Mama Bénigne

Damu ilimrudia Mama Bénigne mwaka wa saba tangu aache kuingia mwezini. Pale sokoni Kalemie, kwenye meza yake ya samaki wadogo wa ndagala, alikaa upande upande kwa uchungu wa kukojoa, na wauzaji wenzake wakaanza: mjane anaumwa huko, ugonjwa ameupata kwa nani?

Alikwenda hospitali. Daktari Adrienne akaona kinyama chekundu, kama punje ya haragwe, kwenye tundu la mkojo. Akakikata, akakitia ndani ya chupa ya dawa, kikapelekwa Lubumbashi kutazamwa kwa darubini.

"Njo kansa, Dokta?"

"Mama, macho yangu hayatoshi. Tungojee karatasi."

Alingoja wiki tatu. Kansa ilikuwa imemla dada yake Sylvie mwaka uleule; alijua inavyokula.

Jibu lilipofika, karani wa hospitali alimkabidhi Papa Patrice, shemasi wa kanisa lao, amfikishie. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi. Papa Patrice aliipasua mezani pa Mama Bénigne, mbele ya watu, akafuata Kifaransa kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili.

"Tu... meurs... Bénigne." Jasho likamtoka. "Mama, wamekutaja hata jina."

"Wanasema nini?"

"Unakufa, Bénigne."

Ndagala zilimponyoka mkononi. Hakulia. Aliichukua karatasi, akajifunga kitenge upya, akashika njia ya hospitali. Aliyeandika kwamba anakufa, basi amwambie usoni.

"Dokta, niambie usoni kwamba ninakufa," alisema, akimpa karatasi. Daktari Adrienne alisoma, akainua macho.

"Nani alikusomea?"

"Shemasi."

"Hapa si "tu meurs", Mama, ni neno moja: tumeur, uvimbe. Na bénigne si wewe. Njo uvimbe usio na ubaya. Hakuna kansa. Na hautoki kwa mwanaume. Hata masista wa utawa unawapata."

Mama Bénigne aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Aliporudi sokoni alikuta wanawake wamekwisha kukaa chini, vitenge kichwani, wanamlilia mtu aliye hai. Papa Patrice alikuwa anaongoza sala.

Mama Bénigne alikaa mezani pake, wima.

"Sifi," alisema. "Papa Patrice, ile bahasha ilikuwa na gundi. Gundi njo lilikuwa neno la kwanza. Mbona hukulisoma?"