Dansi ya Mchana Kule Granville

Kabla ya korona, nilikuwa mtu wa dansi. Wiki nzima nilihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi nikapanda treni kutoka kwangu Mount Druitt, huku ughaibuni, hadi Granville, kwenye ukumbi wa Mkongomani mmoja uliokuwa nyuma ya gereji. Sote tulimwita Papa. Warundi, Wakongomani, Wakenya, kila mtu na Kiswahili chake, tulicheza rumba hapo mpaka nyayo zikawaka moto.

Mwaka wa pili wa ugonjwa, mitaa yetu ya magharibi mwa jiji ilifungwa kwa ukali kuliko mingine. Wanajeshi waligonga milango kuhakikisha wagonjwa hawatoki. Helikopta ya polisi ilizunguka juu yetu tukianika nguo. Kutoka mbali na nyumbani kulihitaji kibali cha kazi.

Jirani yangu, Mrundi niliyekua naye katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akanijia uani.

"Dada, Papa anafungua Jumapili mchana. Watu wa kuaminika tu."

"Na polisi?"

"Wewe una kibali. Vaa sare yako ya kazi. Mimi niazime ile ya zamani."

Nilipaswa kukataa. Lakini miezi miwili nilikuwa sijashikwa mkono na mtu, isipokuwa wazee wenye kuogopa kuanguka.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa plastiki nyeusi. Mlangoni Papa alikusanya simu zetu kwenye ndoo. Muziki ulikuwa wa chini mno, tukasikia viatu vyetu vikikwaruza sakafu. Tulikuwa kama arobaini, na hakuna aliyecheka.

Mara helikopta ikapita juu. Papa akazima muziki. Tukasimama vilevile tulivyokuwa, tumeshikana, kila mtu akipumulia shingo ya mwenzake. Katika ukimya ule Papa akaanza kukohoa. Alijiziba mdomo kwa kiwiko, akainama, akakohoa tena, na hakuweza kuacha.

"Vumbi la gereji," akasema.

Nikamvuta jirani yangu tuondoke. Mlangoni Papa alinirudishia simu, mkono wake wa moto.

"Mama, hapa hukufika. Hakuna aliyefika."

Jumatatu na Jumanne nilikwenda kazini, nikijiambia kwamba lile lilikuwa vumbi kweli. Nilimlisha uji bibi mmoja aliyezoea kuniita kwa jina la binti yake. Jumatano koo likaniwasha, nikapimwa. Ugonjwa ninao.

Jirani nilimtumia ujumbe, naye akapiga simu kabla ya watu wa afya. "Useme ulikuwa nyumbani. Ukitutaja, tumekwisha wote."

Kisha akapiga mwanamke wa idara ya afya, pamoja na mkalimani. Wakauliza Jumapili nilikuwa wapi. Nilitazama sare yangu kwenye kamba ya nguo hadi mkalimani akaniuliza, "Mama, bado upo?"

"Nipo," nikasema. "Nilikuwa kwenye dansi, Granville. Mwenye ukumbi anaumwa sana. Mtafuteni yeye kwanza."

Walimkuta Papa kitandani, midomo imegeuka rangi, mlango ameufunga kwa ndani. Aliogopa kuita gari la wagonjwa, maana wangemuuliza alikuwa na nani. Alilazwa wiki nyingi, akapona. Yule bibi niliyemlisha hakupona.

Kazini nilifukuzwa, na sikubisha. Jirani yangu akaacha kunisalimia. Kanisani walipofungua tena, benchi langu lilibaki na nafasi pande zote mbili.

Papa alinipigia mara moja, sauti ikikwaruza.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, Papa."

"Faini imenimaliza," akasema. "Lakini ile siku waliyonikuta nilikuwa nimeshaanza kusali sala ya mwisho."

Akakata simu. Siku hizi napanga maboksi kwenye ghala. Nasikia ukumbi umefunguliwa tena, na watu wanajaa. Mimi sijaalikwa, wala sijui kama ningealikwa ningekwenda.