Ubani kwa Ajili ya Moshi Tu

Kazi yangu ya kwanza ya kupanga taa za dansi ya baleti niliifanya katika ukumbi wa nyumba kongwe, Mji Mkongwe. Onyesho zima lilimtegemea mchezaji mmoja, nalo lilikuwa kesho yake. Akikataa kupanda jukwaani, hakuna onyesho, na mimi sina kazi.

Baleti huangazwa kutoka pembeni, chini, miguu ionekane kama haigusi sakafu. Lakini mwanga hauonekani hewani bila moshi, na mashine ya moshi ilikuwa imeharibika. Nikanunua ubani Darajani, nikaazima chetezo kwa bibi yangu Michenzani, nikatia makaa na ubani, nikakiweka nyuma ya pazia kikifuka.

Mama mtu mzima anayetunza ukumbi akaja huku ananusa.

"Unamfukizia nani?"

"Simfukizii mtu, Bi. Nnataka moshi tu."

"Ubani haufukizwi bure. Hukutaja jina, basi atakuja yeyote."

"Akija akate tiketi."

Hakucheka.

Ilikuwa alasiri, ila madirisha tuliyaziba kwa vitambaa vyeusi. Nikawasha taa nne. Mchezaji akaanza. Taa nne, mtu mmoja, vivuli vinne. Hesabu ya mtoto wa shule. Mimi nikaona vitano. Vinne viliruka naye. Cha tano kilisimama.

Chuo kikuu nilifundishwa kutafuta chanzo. Nikazima taa mojamoja mpaka ikabaki moja. Vivuli viwili.

Mchezaji akasita. "Kaka, nani kasimama nyuma yangu?"

"Hakuna mtu."

"Mbona napumuliwa shingoni?" Akashuka, akavua viatu. "Sirudi pale mpaka aliyemwita amuage."

Nikamgeukia mtunza ukumbi.

"Usinitazame mimi, msomi. Mimi sikuita mtu."

Nikapanda, nikijiambia ni kwa ajili ya onyesho. Nikasema na hewa: "Tuwie radhi. Nilitaka moshi, sikuwa na haja nawe. Nenda salama."

Ukumbi mtupu hurudisha sauti. Huu haukurudisha. Ulinyamaza kama uliojaa watu. Kisha moshi ukapinda taratibu kuelekea mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa, wala feni haikuwapo.

Mtunza ukumbi akakitoa nje chetezo, akarudi. Mchezaji akavaa viatu, akacheza mwanzo hadi mwisho bila kukosea.

"Kesho nacheza," akaniambia. "Lakini moshi, hapana."

Wakatoka wote wawili, wakakaa barazani kunisubiri. Kazi iliyobaki ilikuwa kuzima ile taa moja. Nikashika swichi. Nikaiachia. Nikawaita warudi ndani, eti wanisaidie kukunja waya.