Karai la Duvi na Mpira wa Raundi ya Kumi na Sita

Eduvigis Polanco, ambaye Sabana Honda nzima ilimwita Duvi, hakuwa mpenzi wa besiboli. Alisema wanaume wazima wakisimama juani mchana kutwa wakijikuna na kutema mate, kazi yao ni kupata njaa, na kazi yake yeye ni kuwauzia yanikeke. Kwa hiyo kila Jumapili alikanda unga, akautandaza mwembamba, akaukaanga mpaka uvimbe na kukauka ukapiga kelele mdomoni. Hakujua nani anaongoza wala nani kafungwa. Akisikia uwanja umelipuka kwa shangwe, anaongeza mafuta.

Jiko lake la mkaa, na karai la mafuta juu yake, alilifunga juu ya kigari kibovu cha mtoto, na mahali pake palikuwa nyuma ya uzio, chini ya mnazi mmoja uliopakwa chokaa hadi kiunoni. Chokaa ile haikuwa pambo. Mnazi ndio uliokuwa mwisho wa mstari. Mpira ukivuka uzio kulia kwake, uko ndani, mpigaji anazunguka vituo vyote na timu yake inapata pointi. Ukipita kushoto kwake, uko nje, hauhesabiki, arudi akapige tena. Duvi mambo hayo hayakumhusu. Yeye alifuata kivuli. Kivuli kikihama, naye anakisukuma kigari kwa ubavu wa mguu bila kutazama, kama mtu anavyomsogeza paka aliyelala njiani.

Ndipo ikaja ile fainali na Los Cocuyos, mji wa ng'ambo ya mto, ambao watu wa Sabana Honda hawapatani nao tangu enzi za mababu kwa sababu ya kengele ya kanisa ambayo kila upande unasema iliibwa na mwenzake. Mchezo uliotakiwa kuisha raundi ya tisa uligoma kuisha. Wakaenda kumi, wakaenda kumi na mbili, timu ziko sare. Kasisi alituma mtu kuuliza kama ibada ya jioni ipo au haipo, yule mtu akanogewa, asirudi. Wingu likafunika jua, kivuli kikapotea, na Duvi akawa anasukuma kigari kwa kukisia tu, huku na huku.

Raundi ya kumi na sita akaingia kupiga kijana mmoja wa Sabana Honda waliyemwita Mbuzi kwa ajili ya kidevu chake. Wakati huo Duvi alikuwa amegeuka, anagombana na mlevi Nicanor aliyetaka kubadilisha kofia yake kwa yanikeke mbili.

"Kofia yenyewe ina tundu," Duvi akasema.

"Tundu la kupitisha hewa, dada yangu. Hiyo ni ya bei zaidi."

Hakuusikia mlio wa gongo likiupiga mpira. Alichosikia ni chubwi nyuma yake, na mara mafuta yakaruka, moto ukashika, watu wakatawanyika. Duvi alikipiga kigari teke kikaenda kusikojulikana, akauzima moto kwa gunia. Alipotulia, Nicanor alikuwa ameopoa kitu cha duara, chekundu kwa kuiva, kwa kijiti. Akakipuliza, akakiuma. Jino alilopoteza hapo hakulipata tena.

Refa alikuja akihema, timu zote mbili nyuma yake, na nyuma ya timu nusu ya mkoa.

"Mama, mpira umeangukia karaini. Sasa niambie, karai lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa kivulini."

"Kivuli kiko wapi?"

"Hakipo."

Refa alikuwa haoni vizuri zaidi ya hatua chache, lakini aliwaona watu wa Sabana Honda na miwa waliyoishika, na miwa ile haikuwa ya kutafuna. Akainua mkono. "Ndani," akasema, na mchezo ukaisha hapo. Au tuseme haukuisha kabisa, kwa sababu ndio wanaoucheza mpaka leo, kwa midomo.

Wiki za kwanza Duvi alisema ukweli. Kila aliyemuuliza alimwambia, "Sijui. Nilikuwa nimegeuka, na karai lilikuwa linatembea." Hakuna aliyemwamini. Wa Sabana Honda walimkonyeza wakasema ni mwanamke jasiri, anaificha siri ya mji. Wa Los Cocuyos walisema amelishwa kiapo. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuja na fimbo akapima vivuli juma zima, akajaza ubao mzima, halafu mtu akamkumbusha kwamba siku ile palikuwa na wingu.

Duvi alipoona ukweli hauna mnunuzi, aliuweka kando. Wakija wa mji wake anasema, "Mimi mtoto wa hapa, mnataka niseme nini?" nao wanaondoka vifua mbele. Wakija wa ng'ambo anatazama kushoto na kulia, anashusha sauti: "Leo kuna masikio mengi. Njoo Jumapili." Nao Jumapili wanakuja, wanakula, wanasikiliza, wanaambiwa waje Jumapili nyingine. Vijana waliokuwa uwanjani siku ile wakaota vitambi, wakaota mvi, wakapata wajukuu. Wasiokuwapo nao wakajiongeza kwa waliokuwapo, mpaka ukiwahesabu wote walioapa kuuona mpira ule, uwanja ungehitaji kuwa mkubwa kama mji mkuu.

Mmoja wao tu hakukata tamaa wala hakukosa Jumapili hata moja. Huyo alikuwa Belarminio Tejeda, fundi magodoro wa Los Cocuyos, mjane, mtu mrefu mwembamba aliyekuwa ameipoteza sauti yake katika raundi ya kumi na nne na kurudishiwa nusu. Alikuja kila Jumapili, akavua kofia, akauliza kwa ile sauti yake ya mkwaruzo:

"Bibi Duvi, ndani au nje?"

"Kula kwanza, Bwana Belarminio. Mtu mwenye njaa hafai kuambiwa habari nzito."

Miaka ikaenda hivyo. Akaanza kumletea kahawa kutoka kwao. Akamshonea godoro, akakataa malipo. Jumapili moja alikaa mpaka yanikeke zikaisha, akaondoka bila kuuliza chochote, na Duvi akabaki kashika mwiko, roho haijatulia wiki nzima. Alipomwona tena alimwambia kabla hajavua kofia:

"Wewe juzi hukuniuliza."

"Nilisahau," akasema Belarminio, na masikio yakamwiva.

Alipomchumbia, Duvi aliuweka mwiko chini. "Unanioa mimi au unauoa ule mpira?"

"Wewe. Mpira nitaupata kama mahari."

"Mahari hulipwa na mwanamume, mzee."

Wakaoana. Kanisa lilijaa pande zote mbili, na baada ya miaka thelathini na zaidi watu wa Los Cocuyos walivuka mto bila mawe mifukoni. Kila mmoja aliamini kwamba siri sasa ina mlango.

Asubuhi yake, kabla ya chai, Belarminio aliketi kitandani juu ya godoro lake mwenyewe. "Mke wangu. Sasa niambie."

Duvi akamwambia. Akamweleza kivuli, wingu, kofia ya Nicanor, teke. "Sijui, mume wangu. Sikujua siku ile, na leo ndiyo sijui zaidi."

Belarminio akabeba mto wake, akaenda kulala kwenye bembea ya uani, na huko akakaa siku kadhaa akimsemesha kuku tu. Duvi alimpelekea chakula huko huko bila kumbembeleza. Alijua kununa ni kama unga, ukiugusa kabla ya wakati hauumuki. Mwisho mvua ikamrudisha ndani.

"Ni kweli hujui?" akauliza, maji yakimchuruzika puani.

"Ningejua ningekuwa nimeshakuambia mwaka ule uliponiletea kahawa."

Akamwamini. Wa kwanza kumwamini alikuwa yeye, na Duvi, ambaye hakuwa mtu wa machozi, aligeuka kutafuta taulo kwa muda mrefu kuliko taulo lilivyohitaji.

Belarminio alikwenda kwenye meza ya domino, nje ya duka la Leocadio, kuwapa wanaume habari. Walimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kufanyiwa upande ule wa mto, wakammiminia ramu.

"Haya shemeji," Leocadio akasema. "Umelala na ukweli. Utoe."

"Hajui. Alikuwa amegeuka, na karai lilikuwa linatembea."

Wakatazamana. Leocadio akaweka kete yake mezani taratibu. "Amemfundisha vizuri," akawaambia wenzake, na wote wakacheka mpaka meza ikamwaga kete.

Kwao Los Cocuyos ilikuwa mbaya zaidi. Kaka yake mkubwa alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Umetuuza," akasema. "Tena kwa chakula cha kukaanga."

Alirudi nyumbani amefura. Duvi alisikiliza yote huku akikanda, mabega yakimtikisika, mpaka akalazimika kuketi chini na mikono yake ya unga.

"Unacheka nini? Nimewaambia kweli tupu."

"Ndiyo maana nacheka. Pole, mume wangu. Mimi niliivumilia wiki tatu tu."

Jumapili iliyofuata alifika mgeni kutoka Los Cocuyos, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi kwa ajili ya safari. Alisema baba yake alikufa akiliwaza jambo lile. Duvi alikuwa mbele ya karai, mikono imejaa. Belarminio akamtazama yule mtu, akamtazama mkewe, kisha akainama juu ya meza na kushusha ile nusu ya sauti yake mpaka ikawa robo.

"Ndugu yangu, mimi nimeoa humu, sina uhuru," akasema. "Lakini huyu mama leo ameamka vizuri. Chukua nne, ukae pale kwenye benchi, usimharakishe."

Duvi akageuza uso kwenye moshi, akakohoa sana. Yule mtu akachukua sita.